Sheria nne za kuwabana wafadhili wa wagombea katika majimbo ya Marekani: uisimamie ipi?

Novemba 1994, kwenye barabara kuu ya Milwaukee, jimbo la Wisconsin, kipande cha chuma kilidondoka kutoka kwenye lori. Gari la familia lililokuwa nyuma likakipanda, tangi la mafuta likapasuka, moto ukawaka. Watoto sita wa nyumba moja wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba dereva wa lori lile alipata leseni yake jimbo la jirani, Illinois, katika kituo ambacho leseni zilikuwa zinauzwa kwa rushwa. Wafanyakazi wa vituo vile walikuwa wanabanwa kuuza tiketi za harambee za kampeni ya bosi wao mkuu, George Ryan, aliyekuwa Katibu wa Jimbo, ofisi inayosimamia leseni. Sehemu ya rushwa ikaingia huko huko kwenye mfuko wa kampeni. Miaka minne baada ya ajali Ryan alichaguliwa gavana. Mwaka 2006 alitiwa hatiani, akahukumiwa miaka sita na nusu.

Nimeanza na lori kwa sababu wengi wetu tunaozungumza Kiswahili huku tunaendesha malori. Tunajua jasho la kuipata leseni ile. Mtu akikwambia michango ya kampeni ni mambo ya wakubwa hayakuhusu, mwambie kuna barabara moja Wisconsin.

Makala hii ni ya aliyekwisha kuapa uraia wa Marekani na kujiandikisha kupiga kura, ambaye siku yoyote atasimamishwa mlangoni mwa duka aweke saini kwenye karatasi ya kuomba kura ya maoni, au atakutana na mgombea ubunge wa jimbo anayeomba kura yake. Majimbo yamejaribu njia nne kubwa za kuzuia mchango usigeuke zabuni, cheo au sheria ya kumpendelea mtoaji. Hazilingani uzito, na huwezi kuzipigania zote kwa wakati mmoja.

Zote nne zinapita kati ya kuta mbili zilizojengwa na Mahakama Kuu ya Marekani. Mwaka 1976, katika kesi ya Buckley, mahakama ilisema serikali inaweza kuweka ukomo wa kiasi anachopewa mgombea, lakini haiwezi kumwekea mtu ukomo wa anachotumia mwenyewe. Mwaka 2010, katika kesi ya Citizens United, ikasema kampuni na vyama vya wafanyakazi vinaweza kutumia fedha bila kikomo katika uchaguzi, mradi wasipange mambo pamoja na mgombea. Mwanasiasa akikuahidi sheria inayobomoa kuta hizo ndani ya jimbo lake, anakudanganya au hajasoma.

Kutangaza tu: Virginia

Virginia, ambako Wakenya na Watanzania wengi wanaishi upande wa karibu na Washington, haina ukomo wa michango ya kampeni kwa ofisi za jimbo. Toa unachotaka, mradi kitangazwe. Na lazima niseme haki: kutangaza kwao kumepangika vizuri. Ukikaa na simu yako nusu saa utaona nani kampa nani, kiasi gani, tarehe gani.

Lakini tazama kilichomfika gavana Bob McDonnell. Yeye na familia yake walipokea zawadi na mikopo ya zaidi ya dola 175,000 kutoka kwa mfanyabiashara mmoja aliyekuwa anauza virutubisho vya mwili. Ndani yake mlikuwamo saa ya Rolex. Mfanyabiashara alitaka vyuo vikuu vya jimbo viifanyie utafiti dawa yake, na gavana alimkutanisha na maofisa wake. Alitiwa hatiani 2014, lakini 2016 Mahakama Kuu ilifuta hukumu kwa sauti moja: kumpangia mtu kikao, kumpigia ofisa simu, kumwalika mfadhili kwenye hafla, peke yake si tendo la kiserikali linaloweza kuitwa rushwa kwa sheria ile. Baadaye Virginia iliweka ukomo wa dola 100 kwa zawadi. Michango ya kampeni ikabaki wazi kama ilivyokuwa.

Hapo ndipo njia hii inapopwaya. Inakuonyesha mlango uliofunguliwa, ila haimzuii mtu kuingia. Tena inamtwika mpiga kura kazi ya upelelezi, na mtu anayefanya zamu mbili, usiku hospitalini na mchana kwenye ghala, hana nafasi ya kukagua orodha ya wafadhili. Kutangaza ni lazima kuwepo, kama taa chumbani. Isiwe ndiyo sheria pekee unayoipigania.

Ukomo wa michango, na somo la Ohio

Njia ya pili ni kusema: mtu mmoja asimpe mgombea mmoja zaidi ya kiasi fulani. Majimbo mengi yanayo. Illinois, pamoja na historia yake yote, ilisubiri hadi 2011 ndipo ukomo ukaanza kufanya kazi. Vermont nayo ilikwenda mbali mno upande wa pili: iliweka dola 200 kwa mgombea wa Baraza la Wawakilishi na 400 kwa gavana, na mwaka 2006 Mahakama Kuu ikasema ni kidogo kiasi cha kumnyima mgombea mpya nafasi ya kujulikana.

Ukomo una faida moja ya kweli. Unamlazimisha mgombea kutafuta watu wengi badala ya tajiri mmoja. Ila ukomo unamlinda tu yule anayepokea mkononi. Ohio ina ukomo, na Ohio ndiko kulikotokea kashfa kubwa kuliko zote katika historia ya bunge lake.

Larry Householder alitaka kuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi. Kampuni ya umeme ya FirstEnergy ilitaka ruzuku kwa ajili ya vinu viwili vya nyuklia kaskazini mwa jimbo. Hakuna aliyeandika hundi ya mamilioni kwa jina la Householder, maana sheria isingeruhusu. Fedha zilipitia shirika lisilo la faida liitwalo Generation Now, ambalo kisheria halikulazimika kutaja waliolichangia. Zilifika kiasi cha dola milioni 60. Ziliwabeba wagombea ambao, wakishashinda, wangempigia yeye kura ya uspika. Januari 2019 akawa Spika. Mwezi Julai sheria namba 6 ikapita, na wateja wa umeme wa jimbo zima wakatakiwa kubeba zaidi ya dola bilioni moja kwenye bili zao. Wananchi walipoanza kukusanya saini ili sheria iende kwenye kura ya maoni, fedha zile zile zikatumika kuwazima wakusanyaji. Nyingine zilikwenda kwenye madeni yake binafsi na ukarabati wa nyumba yake Florida.

Alikamatwa Julai 2020. Mwaka 2021 FirstEnergy ilikubali kulipa dola milioni 230, na ruzuku ya vinu ikafutwa. Machi 2023 Householder alitiwa hatiani, Juni akahukumiwa miaka 20.

Nimekaa na kesi hii kwa sababu inaonyesha njia mbili za kwanza zikishindwa kwa pamoja. Ukomo ulikuwepo. Kutangaza kulikuwepo. Fedha zilitafuta mahali ambapo hakuna kati ya hivyo viwili. Kwa hiyo mgombea akikwambia ataongeza ukali wa ukomo, muulize swali la pili: na mashirika yasiyotaja wachangiaji wao, utayafanyaje? Asipokuwa na jibu, bado hajagusa tatizo.

Hapa kwetu Maine, wananchi wengi walipiga kura Novemba 2024 kuweka ukomo wa dola 5,000 kwa anayechangia zile kamati huru za kampeni zinazoitwa super PAC. Mwaka 2025 jaji wa shirikisho aliizuia sheria hiyo. Kuta mbili nilizotaja hapo juu zipo, na zinauma.

Kumfungia mlango mkandarasi

Waswahili tunasema mla cha mwenziwe na chake huliwa. Hakuna mahali methali hiyo inaposimama wima kama kwa mkandarasi anayemchangia gavana mwezi wa tatu, halafu mwezi wa tisa anafungua bahasha ya zabuni. Mtanzania atakumbuka neno takrima, ule ukarimu wa kampeni ambao Mahakama Kuu ya Tanzania iliufuta mwaka 2006. Takrima ilitoka kwa mgombea kwenda kwa mpiga kura. Huku inatoka kwa tajiri kwenda kwa mgombea, na malipo yake ni barabara, daraja, jengo la shule.

Connecticut ilijifunza kwa aibu. Gavana John Rowland alikuwa na nyumba ya mapumziko kando ya ziwa Bantam. Ukarabati wake, pamoja na beseni la maji ya moto, ulilipiwa na watu wa serikali yake na wakandarasi waliofanya biashara na jimbo. Alijiuzulu 2004, akakiri kosa Desemba mwaka huo, akahukumiwa kifungo cha mwaka mmoja na siku moja. Mwaka 2005 bunge lake lilipitisha sheria: mwenye mkataba mkubwa na jimbo, pamoja na wakuu wa kampuni yake, marufuku kuchangia kampeni za wale wanaoitoa mikataba hiyo. Marufuku iliwafikia hata wenzi wao wa ndoa na watoto wanaowategemea, kwa maana ujanja wa kwanza wa tajiri siku zote ni kuandika hundi kwa jina la mke. Sheria ilipelekwa mahakamani, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikaithibitisha marufuku ya wakandarasi, huku ikikataa marufuku kama hiyo kwa washawishi, yaani watu wanaolipwa kuwashawishi wabunge.

Illinois ilikuja baadaye kidogo. Kampuni yenye mikataba ya zaidi ya dola 50,000 na jimbo haiwezi kumchangia ofisa anayetoa mikataba hiyo. Gavana Rod Blagojevich alijaribu kuikwamisha, bunge likaipitisha juu ya pingamizi lake Septemba 2008, ikawekwa ianze tarehe 1 Januari 2009. Waendesha mashtaka walieleza kwamba aliona mlango unafungwa, akawa anakimbizana na wakati kukusanya dola milioni 2.5 kabla mwaka haujaisha. Moja ya mambo yaliyomtia hatiani linaniumiza hadi leo: alikuwa ameridhia kuongeza malipo ya jimbo kwa madaktari wa watoto, kisha akaanza kutafuta mchango wa dola 50,000 kutoka kwa mkuu wa hospitali ya watoto ya Chicago. Mchango usipoonekana, akauliza kama nyongeza ile inaweza kusimamishwa. Walikamata maneno yake kwenye simu. Alikamatwa tarehe 9 Desemba 2008, wiki tatu kabla ya sheria kuanza, akaondolewa madarakani Januari, na 2011 akahukumiwa miaka 14. Rais Trump alimpunguzia kifungo 2020 na kumsamehe 2025.

Faida ya njia hii ni kwamba ni rahisi kuieleza, haiigharimu hazina karibu chochote, na mahakama zimeikubali. Inakata pale pale upendeleo unapozaliwa. Hata mama yako aliyeko Bujumbura ukimpigia simu ukamweleza, ataielewa kwa sentensi moja: anayetaka zabuni asimpe fedha anayegawa zabuni.

Upungufu wake upo. Anayetafuta sheria badala ya zabuni hayumo. FirstEnergy haikuwa inaomba mkataba wa jimbo, ilikuwa inaomba sheria. Kampuni ya kamari inayotaka leseni, mwenye majumba asiyetaka sheria ya kodi za nyumba ipite, hao wote wanapita nje ya wavu katika majimbo mengi. Halafu sheria hii hulegezwa kimyakimya. New Jersey ilikuwa na marufuku kali tangu 2004, mkandarasi akizuiwa kwa mchango wa zaidi ya dola 300. Mwaka 2023 bunge lake liliilegeza kwenye sheria iliyobeba jina zuri la uwazi. Kwa hiyo ukiipata, usiende kulala.

Fedha za umma, na dola tano za Maine

Machi 2022 nilimsindikiza mgombea ubunge wa jimbo kwenye majengo ya kupangisha hapa mjini kwetu. Theluji ilikuwa bado haijayeyuka pembeni mwa ngazi. Alikuwa anatafuta watu 60. Katika mfumo wa Maine, uliopitishwa na wananchi kwa kura 1996 na kuanza kutumika 2000, mgombea wa Baraza la Wawakilishi anayetaka fedha za umma lazima kwanza apate dola tano kutoka kwa wapiga kura 60 wa eneo lake. Seneti ni 175, gavana 3,200. Kila anayetoa anaweka saini kwamba dola tano hizo ni zake mwenyewe na hakupewa kitu chochote ili atoe. Karani wa mji anahakiki kama kweli umejiandikisha. Mgombea akitimiza idadi, jimbo linampa fedha za kampeni, naye anaachana na wafadhili wengine.

Mlango wa nne alitufungulia mama wa Kikongo, mtu wa Uvira. Mimi ni wa Kigoma, tukasalimiana kwa Kiswahili, tukauliza habari za ziwa. Nikamweleza jambo lenyewe. Akaenda jikoni, akarudi na noti ya dola tano, akanyoosha mkono. Ikabidi nimuulize kama ameshapata uraia.

"Bado. Niko na kadi ya kijani."

Nikamwambia, mama, hii inapokelewa kwa aliyejiandikisha kupiga kura tu.

"Basi kwa kuwa sina kura, hata tano yangu hamuitaki?"

Sikuwa na jibu zuri siku ile. Nitamrudia.

Nilichokiona jioni ile ni kwamba mgombea alikaa kwenye sebule kumi na moja. Asingekaa kwenye hata moja kama angehitaji hundi chache kubwa kubwa, maana zisingetoka kwenye majengo yale. Aliulizwa kuhusu vyeti vya wauguzi waliosomea nje, kuhusu basi linalokoma saa tatu usiku. Yalikuwa masikio ya mtu anayehitaji kitu kutoka kwa mwenye nyumba.

Connecticut inafanya vivyo hivyo kwa kima cha juu zaidi, na fedha zake zinatokana na mali zilizotelekezwa zisizodaiwa na wenyewe. Arizona huzitoa kwenye nyongeza ya faini. New York imechagua mtindo mwingine, ulioanza kutumika kwenye uchaguzi wa bunge 2024: mkazi wa eneo akimpa mgombea ubunge kati ya dola 5 na 250, jimbo linaongezea. Dola 50 za kwanza zinaongezewa mara 12, kwa hiyo noti yako ya 10 inavutia 120 za jimbo. Ukitoa 250 kamili, jimbo linaweka 2,300. Kwa mgombea, ukumbi wa kanisa wenye watu thelathini wanaotoa dola ishirini ishirini unaanza kuzidi chakula cha jioni na wakili mmoja wa kampuni kubwa.

Udhaifu wake ni mitatu, na wa kwanza ndio mzito. Mpinzani halazimishwi kuingia. Akitaka anabaki na matajiri wake. Zamani Maine na Arizona zilimwongezea fedha mgombea wa umma pale mpinzani alipomwaga nyingi, lakini Mahakama Kuu iliipiga marufuku nyongeza hiyo mwaka 2011. Pili, kamati huru zinaweza kumfunika kwa matangazo. Tatu, fedha ziko mikononi mwa wanasiasa wale wale: mwaka 2018 hapa Maine, kosa la uandishi kwenye sheria ya bajeti lilizifunga fedha za wagombea katikati ya kampeni, likageuka silaha ya kisiasa, hadi mahakama ilipoingilia.

Sasa, ipi?

Kama jimbo lako halina marufuku ya wakandarasi, anza na hiyo. Usikubali kupelekwa kwenye mjadala wa ukomo kwanza. Wanasiasa wanaupenda mjadala wa ukomo kwa sababu wanajua mianya yake. Marufuku ya wakandarasi haihitaji kodi mpya, na inagusa zabuni za barabara na shule ambazo hata kampuni ndogo za ndugu zetu za usafi na usafirishaji zinazikosa kila mwaka bila kuelezwa sababu.

Kama unaishi Illinois au Connecticut, hiyo mnayo. Mlio Illinois, sukumeni fedha za umma. Kwa jimbo kubwa lenye miji ghali, ningechagua mtindo wa New York, kwa sababu mgombea anaweza kuendelea kukusanya hadi mwisho na hafi kwa kukosa fedha mpinzani akimwaga mamilioni. Kwa jimbo dogo kama langu, ambako eneo la mbunge lina watu kama elfu tisa na unaweza kulitembea kwa miguu, dola tano za Maine zinatosha na zinafundisha zaidi.

Na wa Ohio, kabla ya hayo yote: daini jina la mchangiaji nyuma ya kila shirika linalolipia tangazo la uchaguzi. Bila hilo, njia zote nyingine zina tundu la chini.

Jambo moja la usalama kwa ndugu zetu. Mwenye kadi ya kijani anaruhusiwa na sheria ya shirikisho kuchangia kampeni, ingawa hawezi kupiga kura. Aliye kwenye viza ya masomo au kazi, au anayesubiri jibu la hifadhi, haruhusiwi kabisa, hata dola moja, kwa ofisi ya ngazi yoyote. Usimpe mgombea fedha kwa jina la mtu mwingine, wala usikubali mtu akupe fedha ukatoe kwa jina lako. Ni kosa kisheria. Jiji la Seattle limeonyesha njia nyingine: tangu 2017 linawapa wakazi vocha nne za dola 25 za kumpa mgombea wanayemtaka, na wenye kadi ya kijani wamo.

Mama wa Uvira aliapa uraia mwaka uliofuata. Februari 2024 tulipopita tena alikuwa amejiandikisha, na noti yake ilikuwa juu ya kabati, chini ya kikombe. Kabla ya kuitoa alimuuliza mgombea ni nani amepewa kazi ya kutengeneza barabara ya mbele ya jengo lao, na kama mtu huyo naye amemchangia. Mgombea akamwambia hapana, hawezi kupokea kwake. Mama akaomba aonyeshwe mahali palipoandikwa hivyo, na tukaketi naye mezani kuisoma sheria mstari kwa mstari, mimi nikitafsiri.